Chokaa ya Kuku kwenye Uji wa Bibi

Juzi niliingia duka la vyakula vya mifugo pale mjini kununua pumba, na kabla sijafungua mdomo harufu ikanikamata: dagaa wakavu, mashudu ya alizeti, na ule unga wa chokaa unaokwaruza koo hata kabla hujavuta pumzi vizuri. Nikasimama mlangoni nacheka peke yangu. Kijana muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, namkumbuka bibi yangu. Akayatazama magunia, akanitazama mimi, akaona bora apime pumba anyamaze.

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za wafuga kuku hamhitaji maelezo marefu. Mama yangu alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu ya Mwembesongo, na katika nyumba ile kuku ndiye aliyetangulia kula. Nikiamka, kabla ya kunawa uso, nilikuwa nachanganya chakula chao kwenye beseni kubwa la bati: pumba, mashudu, dagaa waliotwangwa, chumvi kidogo, na chokaa. Kazi hiyo nilipewa nikiwa darasa la tatu, na niliichukulia kama cheo. Wadogo zangu hawakuruhusiwa hata kugusa mwiko wangu.

Chokaa ndiyo mama aliyoisisitiza kuliko yote. Siku moja niliokota yai kwenye kiota likabonyea mkononi kama puto lililoishiwa upepo, nikapiga kelele nikidhani nimeshika nyoka. Mama akacheka, kisha akanifundisha. Kuku akikosa chokaa, alisema, ganda la yai linakuwa laini, na yeye mwenyewe anaanza kuichota kwenye mifupa yake. Ukichelewa, miguu inamwishia nguvu, anakaa chini hainuki. Dawa yake ni kumwongezea chokaa kwenye chakula. Tukaongeza, na wiki haikuisha mayai yakawa magumu. Kwa mtoto wa umri wangu, huo ulikuwa utabibu kamili, na niliuamini kuliko chochote nilichoandika kwenye daftari la shule.

Mwaka huohuo ndio mjomba Salumu alipomleta bibi. Mjomba ni kaka wa mama, na kwetu Waluguru neno la mjomba ndilo linalomaliza shauri, kwa hiyo aliposema bibi ashuke mjini atibiwe mgongo, bibi alishuka, ingawa alinuna njia nzima. Alitoka huko juu, mbele ya Mkuyuni, ambako maisha yake yote alikuwa akipanda na kushuka milima na mkungu wa ndizi kichwani. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa miezi mingi, na kila mtu, bibi mwenyewe wa kwanza, alisema ni mizigo na uzee. Alipofika uani kwetu hakusalimia kuku wala watu wazima. Alinitafuta mimi.

"Yuko wapi mke mwenzangu?" akasema. "Nimekuja kuona anavyonenepa na mali za mume wangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usinibembeleze. Nimeambiwa unakula mayai kila siku, mimi huko nakula magimbi."

Huo ndio ulikuwa utani wetu. Babu alifariki kabla sijazaliwa, lakini mimi na bibi tuligombana juu yake kana kwamba yuko chumba cha pili anavaa shati. Bibi alidai nilimpora mume kwa sura ya utoto, nami nilidai babu alinipenda zaidi kwa sababu bibi hajui kupika wali. Mama alikuwa akitusikiliza huku anatikisa kichwa, na nadhani hakuna mtu niliyempenda utotoni kama yule mke mwenzangu.

Kazi ya kumpelekea bibi uji asubuhi ikawa yangu pia. Uji wa ulezi wenye tangawizi, kwenye kikombe cha bati cha rangi ya samawati. Alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na banda akichambua maharage, na niliona anachoka haraka. Akichambua sahani moja, anajiegemeza ukutani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Kifua nacho kilimsumbua. Alipata nimonia, akapona, ikarudi tena. Mama alinong'ona kwa jirani kwamba hata mkojo wa bibi una povu, kama mtu aliyemwagia sabuni. Kila jambo lilipewa sababu yake: viganja ni kwa kutokula nyama, nimonia ni baridi ya mlimani aliyokuja nayo, povu ni maji ya bomba. Hakuna aliyefikiria kuwa yote hayo yanatoka mahali pamoja.

Kisha bibi akapiga chafya. Nilikuwepo. Vumbi la pumba lilimwingia puani, akapiga chafya moja kubwa, na papo hapo akashika ubavu wake, macho yakamtoka. Picha ya hospitali ilionyesha ubavu umevunjika. Mjomba, aliyekuwa ameteremka siku hiyo na ndizi zetu, hakuamini.

"Chafya?" aliuliza mara tatu. "Mama yangu huyu, aliyebeba mkungu mpaka Mkuyuni na mimi mgongoni, avunjwe na chafya?"

Jioni hiyo nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikamsikia mama akimweleza mjomba pale ukumbini. Daktari wa picha alisema mifupa ya bibi imelainika. Ina vitundu vitundu, hata ya kichwa, kama maharage yaliyobunguliwa. Inabidi warudi kwa vipimo zaidi, na foleni ya vipimo ni ndefu.

Niliweka ungo chini. Moyo ulikuwa unanidunda, lakini si kwa hofu, kwa furaha. Watu wazima wote wamekaa pale wameshika tama, na mimi najua dawa! Mifupa laini? Mbona hilo ni jambo la chokaa tu.

Sikumwambia mtu. Nilitaka bibi apone ghafla, wote washangae, halafu nitangaze ni kazi yangu. Kesho yake asubuhi nikachota nusu kijiko cha chai kutoka mfuko wa chokaa ya kuku, nikakoroga kwenye kikombe cha samawati mpaka weupe ukapotea kwenye ulezi, nikampelekea bibi kwa magoti, adabu zote.

Akapiga funda. Akatafuna kidogo, kitu ambacho mtu hafanyi na uji.

"Uji wa leo una mchanga."

"Ulezi haukupembuliwa vizuri, bibi."

"Mke mwenza mvivu," akasema, akanywa wote.

Nikaendelea kila asubuhi. Mchana nikitoka shule nilikuwa nakaa miguuni pake nikijifanya namkanda, kumbe namgongagonga goti na kifundo cha kidole nikisikiliza kama mfupa umeanza kutoa sauti ya ugumu. Niliona unatoa. Mtoto akitaka kusikia kitu, atakisikia.

Lakini bibi hakuwa anapona. Alianza kuwa na kiu ya ajabu, akamaliza mtungi mzima wa maji kwa siku na kuomba mwingine. Choo kikakataa kabisa; mama akamlisha mapapai mpaka tukachoka sote kuyaona. Akawa analala mchana kutwa. Asubuhi moja alitoka nje, akasimama mbele ya jogoo wetu, akainamisha kichwa na kumwambia, "Shikamoo baba." Mimi na wadogo zangu tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulidhani ni utani. Nikamsogelea na kikombe, nikamwambia mume wetu hawezi kuitikia, anawika tu.

Bibi akanitazama kwa upole mkubwa. "Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?" akauliza.

Nakumbuka kikombe kilivyokuwa cha moto mkononi. Nakumbuka nilisubiri acheke, na hakucheka.

Walimpeleka hospitali siku ileile. Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, anayesema polepole kana kwamba anapita kwenye utelezi. Jioni alitoka na karatasi za majibu, akamwita mama na mjomba pembeni ya wodi, na mimi nikajibanza nyuma ya khanga ya mama.

"Damu yake ni ndogo sana, na figo zimechoka," akasema. "Ila kilichomchanganya akili ni chokaa. Kalsiamu. Imejaa kwenye damu kupita kiasi. Alikuwa anapewa nini nyumbani? Dawa yoyote, ya dukani au ya kienyeji, msinifiche."

Mama akamtazama mjomba. Mjomba akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi nilimletea mizizi," akasema. "Ya mgongo. Kwenye chupa."

"Alikunywa kwa muda gani?"

"Tangu alipofika."

Daktari akaandika. Hakumkaripia, alisema tu kwamba mizizi hiyo isiguswe tena, kwa sababu hajui kilichomo na figo za bibi haziwezi kubahatisha. Lakini mjomba alikwisha kujihukumu. Alitoka akaketi kwenye ukingo wa mtaro nje ya wodi, kofia magotini. Mjomba wangu, ambaye akikohoa tu watoto tunanyamaza! "Nilimleta mwenyewe," alimwambia mama, "na mkono wangu huu ndio uliomnywesha." Mama alikuwa amekasirika na analia, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao najua nani anayemwua bibi.

Siku mbili zilizofuata sitaki kuzirefusha. Sikuwa naweza kula. Asubuhi nikichanganya chakula cha kuku nilifumba macho nikifika kwenye mfuko wa chokaa. Nilifikiri nikisema, mama ataacha kuwa mama yangu. Nilifikiri pia, na hili nalionea haya mpaka leo, kwamba mjomba ni mtu mzima, ataweza kubeba. Halafu namwona jioni ameketi kwenye ukingo uleule, hajaingia wodini, anasema hana uso wa kumtazama mama yake, najua hawezi.

Siku ya tatu mchana, saa ya kuona wagonjwa, dripu zilikuwa zimefanya kazi. Bibi alikuwa amelala kwa utulivu, macho ameyafumba. Daktari alikuwa akimpima mapigo. Mjomba aliingia kwa mara ya kwanza, akasimama mlangoni na begi lake begani.

"Dada, narudi mlimani," alimwambia mama. "Akiamka mwambie anisamehe. Sistahili kukaa hapa."

Mjomba akageuka.

"Mjomba usiende!" Sauti ilinitoka kubwa hata mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. "Si wewe. Ni mimi. Nilimwekea chokaa ya kuku kwenye uji."

Mama akasema, "Mwanaidi, unasema nini?" kwa ile sauti ya kabla ya kofi. Nikaeleza yote kwa pumzi moja, huku nalia: mayai laini, maharage yaliyobunguliwa, nusu kijiko, kila asubuhi, mchanga, ulezi. Nilimaliza kwa kusema nilitaka tu miguu yake isiishiwe nguvu.

Daktari hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka kesho. Alikaa pembeni ya kitanda ili macho yake yawe sawa na yangu.

"Kijiko gani?" akauliza. "Cha chai?"

"Nusu. Asubuhi tu."

"Nusu kijiko hakiwezi kujaza damu ya mtu mzima namna hii. Usimwekee tena, lakini si wewe, na si mizizi ya mjomba wako. Ngoja nikuulize wewe mfugaji. Kuku akikosa chokaa, anaitoa wapi?"

"Kwenye mifupa yake mwenyewe."

"Basi umeshajibu. Vipimo vilivyorudi leo vinaonyesha chokaa yote niliyoikuta kwenye damu ya bibi imetoka kwenye mifupa yake. Ndiyo maana ina matundu."

Nikakausha pua kwa mkono. "Kwa nini inatoka? Yeye hatagi."

Hapo daktari alitabasamu kidogo, akamwangalia mama na mjomba pia, kwa sababu nadhani alikuwa akitafuta namna ya kuwaeleza hata wao. Akasema ndani ya mfupa kuna uboho, na uboho ni kama banda. Humo damu inazaliwa. Humo pia wanaishi walinzi fulani, seli za plasma, ambao kazi yao ni kutengeneza kinga, kila mmoja kinga yake, hii ya nimonia, hii ya kidonda. Ni kama kuku wa banda moja wanaotaga mayai tofauti, na yote yana kazi. Sasa kwenye banda la bibi mlinzi mmoja ameharibika. Amezaa wa mfano wake, nao wamezaa, mpaka wamejaa banda, na wote wanataga yai lilelile moja, bovu, lisiloangua kitu. Waliokuwa wakitengeneza damu wamekosa nafasi, ndiyo maana viganja ni vyeupe. Waliokuwa wakitaga kinga ya kweli wamesukumwa nje, ndiyo maana nimonia inamrudia kila mara. Yale mayai mabovu yanateremka na damu mpaka kwenye figo, yanaziba, mengine yanatoka na mkojo, ndilo povu.

"Na mifupa?" akauliza mjomba, aliyekuwa ameshatua begi bila kujua.

"Wanachochea mfupa uliwe. Wanabomoa kuta za banda lenyewe. Chokaa ya ukutani ndiyo hiyo inayomwagika kwenye damu, inaleta kiu, inafunga choo, inachanganya akili." Kisha akasema jina lake, mieloma, saratani ya damu. Alisema anahitaji kuhakikisha kwa kuchukua uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga, na kwamba kwa kusema kweli ugonjwa huu haung'olewi, unalazwa. Unaweza kulala miaka. Ukiamka, unalazwa tena.

Mjomba alijifuta uso kwa kofia. Mama akanivuta kwake, na lile kofi nililolisubiri likawa mkono kichwani. Ndipo tukasikia sauti kavu kutoka kwenye mto.

"Nilisema uji una mchanga."

Bibi alikuwa amefumbua jicho moja.

"Nimeishi na watu wabaya," akaendelea, polepole, "lakini mke mwenza wa kunilisha chakula cha kuku sijaona. Ulitaka ubaki na mume peke yako."

Mjomba aliangua kicheko kilichogeuka kilio katikati, akapiga magoti pale pale sakafuni, na bibi akaweka mkono juu ya kichwa chake kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Sijawahi tena kusikia wodi ya hospitali ikicheka vile. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliuliza kama bibi ametaga.

Bibi alipelekwa Dar, uboho ukachukuliwa, na yote yakawa kama daktari alivyosema. Akaanza vidonge, na sindano ya mifupa kila baada ya muda. Kulikuwa na vidonge fulani vya kumeza siku moja kwa wiki, na siku hiyo nyumba nzima ilijiandaa, kwa sababu vilimpa nguvu za askari. Alifagia uwanja mara mbili, akapanga kuni kwa urefu, akamsema mama kuhusu pazia, akala ndizi za watu watatu. Kesho yake analala kama gunia. Maumivu yalipungua, viganja vikapata rangi. Alipanda tena mlimani kwake, bila mkungu safari hii, akiwa na fimbo aliyoichukia, na likizo zangu zote nilizimalizia huko. Tulipata miaka. Haikuwa mingi, lakini ilikuwa mizuri, na kila mmoja wetu alijua ni ya kupewa.

Desturi mpya moja ilibaki. Huko kwetu anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza mwenyewe, uone ni salama. Tangu hospitali, bibi hakupokea uji wangu bila hivyo. Hata mbele ya wageni alikuwa akizuia kikombe kwa kiganja na kusema, "Aonje kwanza. Huyu ana historia." Nikaonja asubuhi zote hizo, nikiwa msichana wa shule ya msingi, kisha wa sekondari, nikiwa nimezidi urefu wake.

Ugonjwa ulipoamka mara ya mwisho nilikuwa nimekua vya kutosha kujua hautalazwa tena. Alirudi Mwembesongo, kwenye kile chumba cha karibu na banda, amekuwa mwepesi mno. Asubuhi moja nilimpelekea uji kwenye kikombe kilekile cha samawati. Nikapiga funda la kwanza bila kuambiwa, nikamkaribishia mdomoni. Akaonja kidogo, akakunja uso.

"Hauna kitu huu," akanong'ona. "Tia ile ya kuku."

Nilitaka kucheka na sikuweza, nilitaka kulia na sikutaka aone. Kwa hiyo nikafanya alichoomba. Nikakusanya vidole vitatu, vitupu, nikavipeleka juu ya kikombe, nikanyunyiza hewa taratibu mbele ya macho yake, nikakoroga vizuri kama siku ile ya kwanza, mpaka weupe upotee. Nikampa kwa magoti.

Akanywa wote, hadi chini.

"Hapo sasa," akasema.